Sijambo, ila...

Mke wangu aligundua nina presha kwa sababu ya mfuko wa shati. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2013, anafua uani, na kama kawaida yake alikuwa anakagua mifuko kabla hajalowanisha nguo, maana mimi ni mtu wa kusahau noti. Safari hii hakukuta noti. Alikuta karatasi ya vidonge, kumi kwa jumla, saba vimeshatobolewa. Akaja nayo sebuleni mikono ina povu, akaiweka juu ya meza mbele yangu. Nikamwambia ni dawa ya kichwa. Kumbe anaijua; mama yake mzazi alikuwa anameza hiyo hiyo kila asubuhi.

"Tangu lini?"

Tangu 2011. Nilikuwa nimekwenda kuchangia damu kwa ajili ya shemeji, kaka yake yeye mwenyewe, aliyekuwa anasubiri upasuaji. Muuguzi akanifunga kile kitambaa mkononi, akatazama namba, akasema, "Baba, hebu kaa kwanza upumzike." Baada ya robo saa akapima tena: 168 kwa 104. Damu yangu haikuchukuliwa. Nyumbani nikasema foleni ilikuwa ndefu, wameniambia nirudi siku nyingine. Nikaanza kliniki kimyakimya, nikaacha, nikaanza tena, nikaacha. Usiku kisogo kikinigonga nilikuwa natoka kitandani kwa kunyata, nakwenda kukaa sebuleni gizani mpaka kipoe. Asubuhi: "Umeamkaje?" "Salama."

Mke wangu alidhani simwamini. Ndugu walidhani naona aibu, au naogopa kuambiwa nipunguze chumvi. Ningekuwa na sababu za namna hiyo ningezisema. Ukweli ni kwamba jambo lenyewe halikunijia kichwani. Miaka miwili nalala na mtu kitanda kimoja, na wazo la kumgusa bega nikamwambia "kichwa kinaniuma" halikuwahi kunipitia, kama vile wazo la kupanda juu ya paa halimjii mtu mwenye njaa.

Nilizaliwa Tanga mjini, 1976. Mama alikuwa na miaka 19. Nilipofikisha mwaka mmoja na miezi minane akashika mimba nyingine, na mtoto anayenyonya huku mama ana mimba alikuwa gumzo la mtaa: atabemendwa, ataharisha, atakonda. Basi nikaachishwa ziwa kwa njia iliyozoeleka. Nikapelekwa Muheza kwa bibi mzaa mama, ili nilisahau ziwa huko. Mpango ulikuwa mwezi mmoja, ukizidi sana miwili. Nikakaa miaka sita.

Bibi alinilea, na hilo nalisema mapema ili mtu asije akaanza kumhurumia mtoto wa kwa bibi. Nililala nyuma ya mgongo wake kwenye kitanda cha kamba, mgongo unaonuka moshi na mafuta ya nazi. Nilijua mchungwa upi una machungwa matamu na upi ni wa kuuza tu. Mama alikuwa ameacha kipande kimoja cha doti ya kanga, kwa sababu bibi alisema mtoto akilia usiku afunikwe nguo yenye harufu ya mama yake. Kipande kingine alirudi nacho mjini, ndicho kilichokuja kumbeba mdogo wangu. Kanga ile naikumbuka vizuri, nyekundu iliyopauka, lakini kwa umri ninaoweza kukumbuka ilikuwa inanukia bibi.

Mama alikuja mara moja au mbili kwa mwaka, na mkate wa boflo kwenye kikapu. Nilijificha nyuma ya mtungi. Wajomba zangu wadogo walimwita dada, nami nikamwita dada. Hakuna aliyenisahihisha.

Desemba 1983 baba akaja kunichukua nikaanze shule. Bibi alidamkia shamba alfajiri siku hiyo, jambo ambalo hakuwa analifanya Jumapili. Mimi nilidhani tunakwenda kutembea. Jioni, mjini, nikamwuliza baba tunarudi lini. Akasema, "Hapa ndiyo kwenu."

Baba hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi kiwandani kwa zamu, na hiyo ilikuwa miaka ya foleni: foleni ya sabuni, foleni ya sukari, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, kila siku mpaka ukauchukia. Wazazi wangu walikuwa wamechoka kabla sijafika. Fimbo ilikuwepo kama ilivyokuwepo kila nyumba ya mtaa ule, na viatu vya shule nilinunuliwa. Nilichokosa ni kitu kidogo mno, mpaka leo nikikieleza kinasikika kama kudeka. Hakuna aliyeuliza. Wiki za mwanzo nilikuwa namlilia bibi usiku, na baba akasema kutoka upande wa pili wa pazia, "Mwanamume halii. Unamlilia nani, na mama yako huyu hapa?" Nikaacha. Mama akawaambia majirani, "Sasa ametulia." Nilisifiwa kwa utulivu huo miaka mingi. Mtoto asiyesumbua.

Nikiwa darasa la pili nilikanyaga msumari wenye kutu karibu na reli. Nikauchomoa, nikafuta damu kwa mchanga, nikarudi nyumbani. Siku tatu nilitembea kwa ukingo wa mguu na hakuna aliyeona, kwa sababu nilikuwa hodari. Siku ya nne mama akasikia harufu. Akanikalisha juu ya kibao cha mbuzi, akaleta beseni la maji ya moto na chumvi, akaanza kukamua. Nikaona anatokwa na machozi, nikajua amekasirika, nikamwambia haraka, "Hapaumi, mama." Alinitazama muda mrefu. Akaendelea kukamua.

Hapo ndipo penye kisa chote, lakini nilipaona nikiwa na miaka 41.

Mwaka 2017 miguu ilianza kuvimba jioni, na kipimo cha figo kikatoka kibaya kidogo. Presha isiyotibiwa hula figo taratibu. Hilo nalijua, mimi ni mwalimu wa biolojia na nilikuwa nimelifundisha darasani huku ninalo mwilini. Daktari aliyenipokea alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Nilijiandaa kukaripiwa. Yeye akafunga daftari langu la kliniki, lile lenye mapengo ya miezi, akauliza, "Mwalimu, ulipokuwa mdogo ukiumwa, nani alikuwa anakuangalia?"

Nikacheka. Halafu nikatafuta jibu nikalikosa.

Swali lile lilinipeleka kwenye kusoma. Nilianza na utafiti ambao kila anayezungumzia mambo haya lazima autaje, ule wa San Diego, California, uliochapishwa 1998 na Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao. Watu wazima zaidi ya 9,500 waliokwisha kupimwa afya zao waliulizwa kuhusu utoto wao: kupigwa, kutukanwa, kudhalilishwa kingono, kuishi na mlevi, kumwona mama akipigwa. Wenye mambo manne na zaidi ya namna hiyo walionekana kuwa na uwezekano wa ugonjwa wa moyo mara mbili hivi ya wasio na hata moja, na kadiri mambo yalivyoongezeka ndivyo magonjwa yalivyoongezeka. Nikajihesabu. Nilipata moja, labda mbili nikiwa mkali kwa marehemu baba. Kwa fimbo peke yake, darasa letu zima lingekuwa wodini.

Ulionichoma ni mwingine, mdogo sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vijana wa kiume 126 wa Chuo Kikuu cha Harvard waliulizwa, pamoja na mengine, jinsi wanavyoona uhusiano wao na wazazi. Hawakuulizwa kama walipigwa. Waliulizwa kama palikuwa na ukaribu. Miaka 35 baadaye wakafuatwa, tayari watu wazima. Kati ya wale ambao hawakuona ukaribu na mama, asilimia 91 walikuwa na ugonjwa mkubwa: moyo, presha, vidonda vya tumbo, ulevi. Kati ya waliouona, asilimia 45. Nilisoma namba hizo nikiwa nimekaa ofisi ya walimu, nikafunga simu, nikaenda kusimama nje kwenye mwarobaini.

Maelezo ya kibaiolojia hayana mazingaombwe. Juu ya figo zetu kuna tezi ndogo zinazomwaga kotisoli na adrenalini mtu akishtuka. Moyo unakimbia, sukari inapanda kwenye damu, presha inapanda, hatari ikipita vyote vinashuka. Mtoto mchanga hawezi kuvishusha mwenyewe. Anashushwa: anabebwa, anatikiswa, anaimbiwa, ananusa mtu anayemjua. Ndivyo mwili unavyojifunza kushuka. Asiyeshushwa, au anayeng'olewa mikononi mwa anayemshusha, mashine yake huweza kubaki nusu juu kwa miaka, kama mlinzi asiyepokewa zamu. Nimechora mchoro huo ubaoni, kidato cha tatu, kwa miaka kumi na tano.

Kwa miezi kadhaa nikawa mtu wa kuchosha. Nilikuwa na jibu la kila kitu, na jibu lilikuwa mama. Nilipunguza kumpigia simu.

Aliyenirudisha ni bakteria. Vidonda vya tumbo nilikuwa navyo tangu chuoni, na wakati wote huo nilimtwisha baba: ukali wake, ile sauti nyuma ya pazia. Mwaka 2009 kipimo cha choo kikaonyesha H. pylori. Nikapewa dawa za siku kumi na nne, nikazimaliza, tumbo likatulia mpaka leo. Zamani wakubwa wa tiba nao waliamini vidonda ni mawazo na hasira. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliokuja na habari ya kidudu, na mwaka 1984, mwaka huo huo ninaanza darasa la kwanza, Marshall akanywa kikombe chenye bakteria hao ili athibitishe. Nobel waliipata 2005. Na vidonda vya tumbo, kumbuka, vimo katika orodha ya magonjwa ya wale vijana wa Harvard. Kwa hiyo unaposoma asilimia 91, soma ukiwa umekaa.

Halafu kuna jambo ambalo mwalimu wa biolojia hapaswi kukumbushwa. Baba alikufa kwa kiharusi 2006. Mama ana presha na sukari. Bibi mzaa baba alianguka shambani akafa, watu wakasema kutupiwa jini. Hata ningelelewa kwa asali, nadhani presha ingenifikia.

Kwa hiyo sisemi mama alinipa ugonjwa. Ninachoweza kukisema bila kuyumba ni hiki: ugonjwa niliurithi, ila namna ya kuumwa nilifundishwa. Miaka sita kati ya 2011 na 2017, mapengo yale kwenye daftari, zile safari za kunyata kwenda sebuleni, havikutoka kwenye damu. Vilitoka kwenye beseni la maji ya chumvi na mtoto anayesema hapaumi.

Kiswahili chenyewe kina dawa ya jambo hili na sisi tunaitumia kila siku. Mtu anakuuliza hujambo, unajibu sijambo, hata kama nyumbani una maiti. Mgeni anaweza kudhani ni unafiki. Lakini anayeijua lugha anasubiri, kwa sababu baada ya sijambo hufuata ila. "Hatujambo, ila mtoto hakulala." "Salama, ila mama yupo hospitali." Salamu ni mlango, na ila ndiyo kuingia ndani. Nyumbani kwetu nilifundishwa sijambo nikiwa na miaka saba, nikaisema vizuri kuliko watoto wote wa mtaa. Ila sikufundishwa.

Kujifunza ukubwani ni kazi ya aibu. Mke wangu alinipa sharti: kila usiku kabla ya taa kuzimwa niseme kitu kimoja cha mwili wangu, hata kama ni kipele. Wiki za mwanzo nilikuwa natunga. Nilimwambia goti linauma na halikuwa linauma. Alijua, akanunua dawa ya kuchua akanichua goti zima, na hapo nikaona ni heri kusema kweli. Dawa sasa nameza kila siku na mapengo yamekwisha. Namba zangu hucheza kwenye 130 na kitu kwa 80 na kitu, na figo imegoma kurudi ilipokuwa lakini haijashuka zaidi.

Siku moja mwanangu wa mwisho alikuja chumbani usiku wa manane, akasimama mlangoni, akasema, "Baba, tumbo." Kinywa changu kikajibu kabla sijaamka vizuri: "Kalale, litapoa." Akageuka. Niliwahi kumshika akiwa koridoni. Sijui angekwenda kukaa wapi.

Nilipokuwa nasoma nilikutana na jambo la jirani. Mary Ainsworth, mmoja wa waanzilishi wa elimu hii ya uhusiano wa mtoto na mama, kazi yake ya kuwatazama watoto na mama zao majumbani hakuianzia Ulaya. Mwaka 1954 alimfuata mumewe aliyepata kazi Kampala, akaanza kutembelea familia 26 katika vijiji vya Waganda. Alikuwa amesikia kwamba huko mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi, akataka kuona kinachompata. Akakuta mama wengi wameshaacha desturi hiyo. Ikambidi atazame mengine: mtoto anavyotambaa kwenda mbali, anavyogeuka kumwangalia mama, anavyorudi. Nilipoisoma habari hiyo nilijiona. Mtoto aliyekuwa anamtafuta ndiye mimi, nilichelewa tu miaka 22 na kuzaliwa nchi ya pili. Ningemwambia, kama angeniuliza, kwamba kwa bibi hapakuwa na tatizo. Nilishushwa vizuri sana kwa bibi. Mambo mawili yaliniumiza: kung'olewa mara mbili, na mara zote mbili bila mtu kuniambia neno.

Hili nilikuja kumwambia mama, kwenye benchi la kliniki. Siku zetu ziligongana, Jumanne, na tangu 2018 tunakwenda pamoja. Watu wanaomwona wanadhani nimemsindikiza. Tunakaa tangu saa moja asubuhi, kila mmoja na daftari lake, na foleni ile ina urefu wa kutosha kwa maneno ambayo nyumbani hayatoki. Nilimuuliza bila kumtazama, "Mama, siku ile uliyoniacha Muheza, ilikuwaje?"

Alikaa kimya mpaka namba mbili zikaitwa.

"Maziwa yalijaa," akasema. "Ndani ya basi. Nguo ikalowa yote. Nikafunga kanga kifuani watu wasione, mpaka Tanga."

"Ulilia?"

"Ningelia ningeshuka."

Akaeleza kwamba mimba ile ilimsumbua, halafu mtoto akazaliwa dhaifu, halafu baba akasema nguo hakuna, unga hakuna, mwache akae huko kwanza. Kila alipokuja nikajificha nyuma ya mtungi, alirudi mjini amejiapiza hatanilazimisha. Na nilipoletwa, aliogopa kunishika. "Nilisema huyu ananichukia, nisimkere." Mimi nikiwa upande huu wa pazia nasubiri kuulizwa, yeye upande ule anasubiri niache kumchukia. Alikuwa na miaka 26. Nina wanafunzi wa zamani wenye umri huo, huwa wananipigia simu kuuliza jinsi ya kujaza fomu.

Mwezi uliopita tuliingia kwa muuguzi pamoja, kwa sababu chumba kimoja kilikuwa kinapakwa rangi. Nikaanza mimi. Halafu muuguzi akamgeukia.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

Kalamu ikaanza kwenda. Mimi nilikuwa nimemwona akipanda ngazi, anakanyaga kwa ukingo wa mguu wa kushoto. Nilikuwa nimeona na soksi, kwenye joto la Tanga, mwezi wa pili.

"Ila mguu," nikasema.

Mama akanitazama kama nimemvua kilemba hadharani. Muuguzi akainama, akavua kandambili, akaanza kuvuta soksi, ikagoma. Ilikuwa imegandia. Akaleta chupa ya maji ya dripu akailowanisha taratibu, pole pole, mpaka ikaachia. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, kingo zake nyeupe.

"Mama, tangu lini hiki?"

"Juzi tu. Hata hakiumi."

Na hapo alikuwa anasema kweli. Sukari ikikaa muda mrefu huua hisia za unyayo, mtu hutembea juu ya msumari asijue. Lakini muuguzi alisema kidonda kile kina wiki mbili, si chini. Nikapiga magoti sakafuni kumshikilia kisigino wakati kinasafishwa. Ngozi ya kisigino ilikuwa kavu, imepasuka, ya baridi.

"Ungenipigia simu, mama."

Alikuwa anatazama ukutani, kwenye bango la chanjo.

"Na wewe una presha yako, baba. Sikutaka kukuongezea."